Alovera: Kadri Inavyozama Ndani ya Mwili, Ndivyo Ushahidi Unavyopungua

Mtu akikuuliza alovera inatibu nini, usikimbilie kumtajia magonjwa, muulize kwanza anaongelea sehemu gani ya jani. Najua inasikika kama ukorofi, lakini hilo swali likirukwa kila kinachofuata kinaenda kombo, na karibu meseji zote zinazozunguka kwenye magrupu zimeliruka. Unazijua zile meseji: alovera inatibu kisukari, presha, vidonda vya tumbo, kansa, chunusi, nguvu za kiume, minyoo, mafua, nywele kukatika, alafu mwisho kabisa "sambaza kwa uwapendao". Orodha inakuwa ndefu mpaka unajiuliza hospitali zinafunguliwa kwa ajili ya nani.

Niseme mapema, sipo hapa kuiponda alovera, ni mmea mzuri na kuna kazi unazifanya vizuri tu. Ninachosema ni kwamba jani hili lina ushahidi wa kueleweka pale linapokaa juu ya ngozi, na kadri linavyoingizwa ndani ya mwili ushahidi unapungua na hatari inapanda, alafu cha ajabu ahadi ndo zinazidi kuwa kubwa. Huko kwenye ahadi kubwa ndo hela zilipo, kwa hiyo usishangae kelele zote zinatoka huko.

Tulikate jani kwanza. Nje kuna ganda la kijani, gumu, lenye vimiba pembeni. Chini tu ya ganda kuna tabaka jembamba linalobeba utomvu wa njano, mchungu balaa, na huu ndo shubiri yenyewe. Alafu katikati ndo kuna ile nyama inayoteleza, isiyo na rangi, tunayoiita jeli. Jeli kwa asilimia 98 mpaka 99 ni maji, na hicho kiasi kidogo kinachobaki ndo kina sukari changamano (maarufu zaidi inaitwa asemanani), madini kidogo, vitamini kidogo, vimeng'enya na vikorokoro vingine. Shubiri ni habari nyingine kabisa, ina aloini na ndugu zake wa kundi la anthrakwinoni, kemikali ambazo ndo zinaupa ule uchungu na ndo zinazoendesha tumbo. Kwa hiyo ndani ya jani moja, milimita chache tu zimetenganisha kitu kinachotuliza na kitu kinachoharisha, na mtu anayelitupa jani zima kwenye blenda na ganda lake anakunywa vyote viwili kwa mpigo wakati anadhani anakunywa kimoja.

Sasa njoo kwenye ile hoja inayopendwa kuliko zote, kwamba alovera imetumika maelfu ya miaka. Ni kweli, jamii ya mshubiri (mimea inayotoa shubiri, alovera ikiwemo) imetumika muda mrefu sana. Papirasi ya Ebers, maandishi ya tiba ya Misri ya kale ya kama mwaka 1550 kabla ya Kristo, inautaja. Dioscorides, tabibu wa Kigiriki wa karne ya kwanza, ameuandika. Kisiwa cha Sokotra kilifanya biashara ya shubiri karne na karne (na mshubiri wa Sokotra wala sio hii alovera ya kwenye chupa, ni spishi nyingine, kundi hili lina spishi zaidi ya 500). Lakini kilichokuwa kinapakiwa majahazini hakikuwa jeli, jeli ingeoza kabla haijafika popote. Kilikuwa utomvu mchungu uliokaushwa ukawa mabonge ya kahawia au meusi, na kazi yake kubwa ilikuwa kusafisha tumbo. Kwa hiyo mtu anapokuuzia chupa ya jeli iliyochujwa kwa kutumia sifa za maelfu ya miaka, anakuuzia historia ya kitu kingine, tena kile ambacho kiwanda chake kimehangaika kukitoa kisiwemo kwenye hiyo chupa.

Umaarufu wa jeli kwenye tiba ya kisasa ni wa juzi juzi. Mwaka 1935 huko Marekani ilichapishwa ripoti ya mgonjwa ambaye ngozi yake iliharibiwa na eksirei, akapakwa jani bichi la alovera na akapata nafuu. Mgonjwa mmoja, lakini ripoti ile ndo iliwasha moto, watafiti wakaanza kuliangalia jani kwa jicho lingine, na baadaye viwanda vilipopata njia za kuzuia jeli isiharibike ndo tukaletewa losheni, shampoo, sabuni, juisi, dawa za meno na mpaka toileti pepa zenye picha ya jani.

Tuanze na ngozi kwa sababu huko ndo kuna cha maana. Vidonda vya moto vya daraja la kwanza na la pili, yaani visivyozama sana, ndo eneo ambalo alovera imefanya vizuri kuliko mahali pengine popote. Mwaka 2007 watafiti walijumlisha majaribio manne yenye wagonjwa 371 wakakuta waliopakwa alovera walipona mapema kuliko wengine kwa wastani wa kama siku 9. Jaribio lingine la 2009 lililinganisha krimu ya alovera na ile krimu ya silva sulfadayazini ambayo hospitali nyingi zimeizoea, kwa wagonjwa 30 ambao kila mmoja alikuwa na vidonda viwili, kimoja kikapakwa hiki kingine kile, na upande wa alovera ulifunga kama kwenye siku ya 16 wakati ule mwingine ulienda karibu siku ya 19. Hii ni aina ya ushahidi ninaoupenda maana mgonjwa analinganishwa na yeye mwenyewe, huwezi kusema labda huyu alikuwa na damu nzuri kuliko yule.

Ila tusipande mlima tukasahau kushuka. Majaribio yenyewe ni madogo, mengine hayakufanywa kwa umakini, na mwaka 2012 jopo la Cochrane, wale ambao kazi yao ni kuchambua tafiti mpaka zitoe jasho, lilipitia majaribio saba ya alovera kwenye vidonda vya aina mbalimbali, watu 347, likasema ushahidi hautoshi kutoa uamuzi. Na ndani ya rundo hilo kuna utafiti mmoja wa mwaka 1991 ambao wauzaji hawautaji kabisa. Wanawake 21 ambao mshono wao wa upasuaji wa uzazi au wa tumbo uliachia, waliotibiwa kwa njia ya kawaida walipona kwa wastani wa siku 53, walioongezewa jeli ya alovera wakachukua siku 83. Mwezi mzima zaidi! Kundi ni dogo na mtu anaweza kubishana nalo, ila linatosha kukuambia kwamba kidonda cha moto cha juu juu na kidonda kirefu kilichoachia sio kitu kimoja, na huwezi kuchukua ushindi wa hapa ukauhamishia kule.

Alafu kuna ile kejeli ya eksirei. Sifa zote zilianza na ngozi iliyoungua kwa mionzi si ndiyo? Mwaka 2002 Australia walichukua wagonjwa 225 wa saratani ya matiti wanaopigwa mionzi, wengine wakapaka jeli ya alovera wengine wakapaka krimu ya kawaida tu ya kulainisha ngozi, na krimu ya kawaida ikashinda, waliopaka alovera ngozi ilibabuka na kuuma zaidi. Yaani pale pale ilipopatia jina ndo ilipokuja kushindwa na krimu ya bei chee.

Soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi unaoweka mabaka yenye magamba, nayo ina stori yake, na mimi kama ningeambiwa nichague mfano mmoja tu wa kumfundisha mtu kusoma tafiti ningechagua huu. Mwaka 1996 wagonjwa 60, nusu wakapewa krimu yenye alovera asilimia 0.5 na nusu wakapewa krimu isiyo na kitu. Upande wa alovera walipona 25 kati ya 30, upande wa pili 2 tu. Matokeo ya kupigia vigelegele, na mpaka leo yananukuliwa kila kona. Mwaka 2005 Denmark wakajaribu tena kwa jeli ya alovera ya dukani, kila mgonjwa akipaka alovera upande mmoja wa mwili na jeli bandia, yaani isiyo na alovera, upande mwingine. Pande za alovera zilizopata nafuu zilikuwa asilimia 72.5, na za jeli bandia zilikuwa asilimia 82.5. Ndiyo, bandia ndo ilikuwa juu! Sasa ukikutana na makala inayotaja ule wa kwanza bila kutaja huu wa pili, ujue mwandishi au hajasoma au anauza.

Na hapo kuna jambo ambalo watu wanalipita haraka. Kitu chochote chenye maji mengi, kinachoteleza, kisichochoma, ukikipaka kwenye ngozi kavu au iliyowaka utahisi nafuu, maana maji yanapoza yanapokauka na ule utelezi unazuia ngozi isikauke. Hiyo nafuu ni ya kweli, wala sio uchawi wala sio ujinga, ila sio lazima itoke kwenye siri ya jani. Ndo maana kwa ngozi iliyoungua na jua sibishani na mtu anayepaka jeli, inapoza, apake, ila asidhani inamkinga na jua, maana alovera sio kinga ya jua.

Chunusi, kuna jaribio la 2014 ambapo watu 60 walitumia tretinoini, dawa ya chunusi ya kupaka, wengine wakaongezewa jeli ya alovera, na walioongezewa walipata matokeo bora na ngozi haikuwasumbua sana. Ona ilivyokaa: alovera kama msaidizi wa dawa. Mba na ile ngozi ya kichwa inayobanduka na kuwasha, jaribio la 1999 kwa watu 44 lilionyesha nafuu kwa asilimia 58 upande wa alovera na 15 upande wa bandia, sio mbaya hata kidogo. Nywele kuota pale zilipokwisha kuondoka, hiyo sahau, kichwa kisichowasha na kichwa kinachoota nywele upya ni vitu viwili tofauti.

Mdomoni pia inajitahidi. Kuna ugonjwa unaitwa laikeni plana, unaweka mabaka meupe na vidonda vinavyowaka ndani ya mashavu, mtu hawezi kula kitu chenye pilipili, na mwaka 2008 jaribio la watu 54 lilikuta waliopaka jeli ya alovera walipata nafuu nzuri kwa asilimia 81 wakati upande wa bandia ni 4. Tumeshaanza kuingia ndani ya mwili kidogo, ila bado ni kupaka, bado tupo juu juu.

Sasa tuimeze.

Ukimeza shubiri, ile ya njano, utaharisha. Hilo halina ubishi na ndo kazi pekee ya ndani ya mwili ambayo mmea huu unaifanya kwa uhakika usio na shaka. Aloini inapita tumboni bila kufanya chochote mpaka ifike utumbo mpana, huko bakteria wanaibadilisha kuwa kemikali inayouchokoza utumbo, unasukuma kwa nguvu na kuachia maji, na baada ya masaa kama 6 mpaka 12 unakimbia. Kwa mtu mwenye choo kigumu hii ni dawa kweli, na mamlaka ya dawa ya Ulaya inaitambua kwa matumizi ya muda mfupi tu, sio zaidi ya wiki moja, na sio kwa watoto chini ya miaka 12 wala mama mjamzito wala anayenyonyesha.

Shida ni kwamba watu hawainywi kwa wiki moja. Wanainywa miezi, kila asubuhi kabla ya chai, kwa jina la "kutoa sumu mwilini", na kila wakiharisha wanaona hiyo ndo sumu inatoka. Jamani! Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili wako, hasa potasiamu, na potasiamu ikishuka misuli inalegea na mapigo ya moyo yanavurugika. Kwa anayetumia digoksini kwa ajili ya moyo au dawa za kukojosha kwa ajili ya presha hiyo ni hatari ya moja kwa moja, maana hizo dawa nazo zinacheza na potasiamu hiyo hiyo. Kuna ripoti za figo kuharibika kwa watu waliotumia shubiri kwa dozi kubwa siku kadhaa mfululizo. Na utumbo unaochokozwa kila siku unazoea, mwisho wake choo hakitoki bila kuchokozwa, kwa hiyo mtu alianza kwa sababu ya choo kigumu na sasa ana choo kigumu zaidi na anadhani anahitaji dozi kubwa zaidi.

Marekani mwaka 2002 mamlaka ya chakula na dawa, FDA, iliiondoa alovera kwenye orodha ya dawa za kulainisha choo zinazouzwa bila cheti cha daktari. Wanaopenda njama husema ni makampuni makubwa ya dawa yalikuwa yanaua mmea wa asili. Kilichotokea ni cha kawaida kabisa, watengenezaji waliambiwa walete data za usalama na data hazikuletwa. Dawa yoyote ya vidonge ingefanyiwa hivyo hivyo.

Alafu ikaja habari ya panya. Mwaka 2013 mpango wa taifa wa sumu wa Marekani, NTP, ulitoa matokeo ya utafiti wa miaka miwili ambapo panya waliwekewa kwenye maji ya kunywa dondoo la jani zima la alovera, yaani pamoja na shubiri bila kuchujwa. Kwenye dozi ya juu panya wakubwa madume asilimia 74 na majike asilimia 39 walipata uvimbe kwenye utumbo mpana, baadhi ukiwa saratani. Panya wadogo, wale wa spishi nyingine, hawakupata. Shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, nalo likaweka dondoo la jani zima kwenye kundi la 2B, maana yake kuna uwezekano linasababisha saratani kwa binadamu lakini ushahidi kwa binadamu wenyewe haupo wa kutosha. Hapa pande zote mbili huwa zinadanganya. Wapinzani wanasema "alovera inaleta kansa", sio kweli kwamba imethibitika hivyo, binadamu sio panya na hatunywi dozi zile kila siku ya maisha yetu. Wauzaji nao wanasema "utafiti ulikuwa wa panya tu, puuza", na ni watu hao hao ambao wakisikia alovera imeshusha sukari ya panya wanabandika bango. Chagua moja ndugu yangu, ama panya ni mashahidi ama sio mashahidi.

Cha maana kwenye ule utafiti ni kwamba kilichojaribiwa sio jeli safi. Viwanda vinavyojielewa vinapitisha maji ya jani kwenye mkaa maalum unaonasa zile kemikali za njano, na chama cha kimataifa cha sekta yenyewe ya alovera kimejiwekea kiwango kwamba vinywaji vyake visizidi aloini sehemu 10 kwa milioni. Ulaya walienda mbali zaidi, mwaka 2021 wakapiga marufuku vyakula vyenye matayarisho ya jani yenye zile kemikali, kampuni zikaenda mahakamani, na mwaka 2024 mahakama ikaitengua ile marufuku. Kwa hiyo wanasheria wamegawanyika lakini wakemia hawajagawanyika sana: tatizo lipo kwenye ile njano.

Kisukari. Najua wengi mmeruka aya zote mje hapa. Kuna majaribio kadhaa ambayo watu wenye sukari au walio kwenye hatihati ya kuipata walipewa maandalizi ya alovera na sukari ya asubuhi kabla ya kula ikashuka kwa kiasi fulani. Yapo, siyafichi. Lakini ni madogo, mengi ya wiki chache, na kila moja lilitumia kitu tofauti, huyu unga, yule juisi, mwingine kidonge cha dondoo, kwa hiyo ukiniuliza "ninywe kiasi gani cha jani gani" hakuna jibu linalotoka kwenye zile namba. Na hatari inakuja kwa njia mbili zinazopishana. Wa kwanza anaacha dawa zake au insulini kwa sababu ameambiwa jani linatosha, sukari inapanda kimya kimya inakula figo na macho. Wa pili anaunganisha dawa na alovera bila kusema, sukari inashuka kuliko ilivyopangwa, anatetemeka na kutoka jasho katikati ya usiku. Huyu wa pili angalau anaweza kusaidiwa kirahisi, apime mara kwa mara na daktari wake ajue. Wa kwanza mara nyingi anarudi akiwa amechelewa.

Vidonda vya utumbo mpana, ule ugonjwa wa kuharisha damu wa muda mrefu, una jaribio moja la heshima la Uingereza mwaka 2004. Watu 44, jeli ya alovera mililita 100 mara mbili kwa siku kwa wiki nne, asilimia 30 wakatulia kabisa dhidi ya asilimia 7 za bandia. Linatia moyo, ni jeli sio shubiri, na ndo aina ya kitu ningependa kirudiwe na watu mia nne badala ya arobaini na nne. Lakini tangu hapo watu wamelichukua jaribio moja la ugonjwa mmoja wakaligeuza kuwa "inatibu matatizo yote ya tumbo", na mgonjwa huyo huyo akikosea akanywa jani zima lenye shubiri atauwasha utumbo ambao tayari unavuja damu.

Ukimwi na saratani, hapa sina upole. Asemanani ilijaribiwa kwa watu wenye virusi vya ukimwi, jaribio la kueleweka lenye kundi la bandia, matokeo yakatoka mwaka 1996: hakuna tofauti kwenye CD4 (chembe za kinga ya mwili) wala kwenye kiasi cha virusi. Swali liliulizwa kwa haki na likajibiwa. Kwa saratani, hakuna jaribio la binadamu lililoonyesha alovera inaponya, na kuna wagonjwa walidungwa maji ya alovera kwenye mshipa na baadhi yao wakafa. Anayekuambia uache dawa za kufubaza virusi au tibakemikali ushike jani, hata awe mpole vipi na awe na shuhuda ngapi, anakupeleka kaburini kwa tabasamu.

Kuna na ile ya wauzaji kwamba jani lina "virutubisho 75", imekuwa kama wimbo. Inawezekana kabisa ukitafuta kwenye jani ukavipata hivyo vitu vyote, maabara za siku hizi zinaona mpaka chembe. Swali ni kiasi. Jeli gramu 100 ina maji kama gramu 99, hiyo gramu moja inayobaki ndo vitamini zote, madini yote, vimeng'enya vyote na sukari zote zimebanana humo kama abiria kwenye daladala la jioni, sasa hebu niambie kila mmoja anapata nafasi kiasi gani. Kama unataka vitamini, tunda lolote la kawaida linaishinda kwa mbali.

Na hapo nimechukulia kwamba chupa ina alovera kweli. Mwaka 2016 shirika la habari la Bloomberg lilipeleka maabara jeli za maduka makubwa ya Marekani zilizoandikwa alovera, na kwenye kadhaa kati yake viashiria vya alovera havikuonekana, kilichoonekana badala yake ni maltodekstrini, sukari ya bei rahisi ya kujaziliza. Watengenezaji walibisha njia iliyotumika kupima, lakini bidhaa ambayo asilimia 99 ni maji ni rahisi kuighushi. Angalia mpangilio wa viungo kwenye lebo, vinapangwa kuanzia kingi kwenda kidogo, ukikuta alovera imejificha mwishoni baada ya rangi na manukato basi unachopaka ni manukato.

Anayechuma mwenyewe ana shida ya aina nyingine, kujua anachuma nini. Ndani ya zile spishi zaidi ya 500 zipo zenye sumu ya kweli, na nje ya kundi hilo kuna mimea inafanana na mshubiri kwa macho tu, ikiwemo jamii ya mkonge. Mwaka 2017 China dada mmoja alikuwa live mtandaoni anakula jani akiwaonyesha watazamaji faida za alovera, kumbe lilikuwa jani la agave, ndugu yake mkonge, mdomo ukafa ganzi koo likawaka na akaishia hospitali. Kama hujui kwa uhakika ni mmea gani, hata kupaka usipake.

Kwa anayetaka kuutumia kwa kile unachokiweza: umeungua kidogo, maji ya bomba ya baridi yanayotiririka dakika 20 kwanza, sio barafu, sio dawa ya meno, na sio alovera moja kwa moja. Ndo baadae jeli. Jani likate, lisimamishe wima dakika 10 mpaka 15 ile njano ichuruzike, lioshe, menya ganda, chukua ile jeli ya katikati tu, paka kidogo sehemu ndogo ya mkono usubiri uone kama inawasha, maana wapo wenye aleji, hasa wanaosumbuliwa na vitunguu na vitunguu saumu. Jeli ya nyumbani inaharibika fasta, iliyobaki usiiweke siku nyingi. Malengelenge makubwa, kuungua uso au sehemu za siri, kuungua kwa umeme, mtoto mdogo, hizo ni za hospitali na usimpake kitu.

Na wewe unayekunywa, sitakufuata nyumbani kukumwagia chupa. Ila ini. Kuna ripoti za watu walioanza kunywa maandalizi ya alovera na baada ya wiki kadhaa, au miezi, macho yakageuka njano, vipimo vya ini vikapanda, wakapimwa homa ya ini ya kila herufi hakuna kitu, na walipoacha alovera ini likarudi lenyewe. Ni nadra, ila mara nyingi inachelewa kujulikana kwa sababu daktari anauliza "unatumia dawa gani" na mgonjwa anajibu hamna, maana kichwani kwake jani sio dawa. Litaje. Taja jina la chupa, taja ni jeli au jani zima, taja ni tangu lini, na kama una upasuaji unakuja uache wiki mbili kabla alafu umwambie na yule wa ganzi pia.